Gari linanuka petroli? Usikubali kopo la mkaa ling'olewe

Mama mmoja aliniletea Vitz hapa gereji, Tabata. Kila akipaki juani, watoto wakiingia kiti cha nyuma wanalalamika kichwa na kichefuchefu. Nikaingia chini: kopo la mkaa, lile linalonasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tanki, halipo. Fundi aliyetangulia alilitoa, na mpira wa hewa wa tanki akauacha wazi, mdomo umeelekea sakafuni kwa gari. Iliniuma, kwa sababu mvuke wa petroli una benzini, kemikali inayoleta saratani ya damu, na waliokuwa wakiuvuta ni watoto.

Petroli hupanda mvuke hata gari limezimwa. Mvuke huo unapita kwenye mpira hadi kwenye kopo, mkaa wake unaunasa, na injini ikishapata moto kompyuta inafungua valvu ili injini iuvute na kuuchoma. Marekani walilazimisha magari mapya yazuie mvuke huu tangu modeli za 1971.

Anza na mfuniko wa tanki. Ufunge mpaka ulie ka-ka-ka, kisha siku nyingine uangalie mpira wake wa duara. Ukiwa na ufa au umekauka, nunua mfuniko mwingine. Usiutoboe, hata ukishauriwa.

Sheli, pampu ikikata yenyewe, inatosha. Hapa nawasihi sana. Ile "ongeza ifike elfu hamsini kamili" inasukuma petroli yenyewe hadi kwenye kopo, na mkaa ukilowa haunasi kitu tena. Makopo mengi ninayobadilisha yamekufa hivyo: ukilishika ni zito, ukilitikisa linadondosha petroli. Halioshwi, linabadilishwa.

Mipira ikague injini ikiwa baridi, nje penye upepo, bila sigara. Mvuke huu ni mzito kuliko hewa, unatuama chini, kwa hiyo usikague ndani ya shimo la gereji. Ikunje kwa vidole hasa kwenye viungio. Nyufa hujificha chini ya klipu.

Gari likisumbua kuwaka mara tu baada ya kujaza mafuta, shuku ile valvu inayofunguliwa na kompyuta. Washa injini ikiwa baridi, chomoa mpira unaotoka kwenye kopo kuja kwenye valvu, weka kidole pale kwenye valvu. Ikikuvuta kidole papo hapo, imeganda wazi.

Wengine huziba mpira wa tanki kwa skrubu ili harufu iishe. Hapo tanki linakosa hewa: ukifungua mfuniko linapiga "shoo", na gari linaweza kukuzimikia njiani.

Ile Vitz nilitafutia kopo lililotumika lenye midomo ileile, mpira mpya na klipu mbili. Kesho yake tuliipaki juani kuanzia saa sita hadi saa nane. Mama akafungua mlango wa nyuma, akainamisha kichwa hadi kwenye kiti, akanusa mara mbili, kisha akawaita wanawe wapande.