Jinsi ya Kuhudhuria Thaipusam Kuala Lumpur: Anzia Mjini, Usianzie Pangoni

Kila mwaka napokea ndugu na jamaa kutoka Afrika Mashariki wanaokuja kuona Thaipusam, sikukuu ya Wahindu wa Kitamili (wenye asili ya kusini mwa India) ya kumheshimu mungu Murugan, na wengi huja na mpango uleule: kuamka asubuhi ya sikukuu, kupanda treni hadi Batu Caves, mapango yenye hekalu nje kidogo ya mji, kupiga picha, kurudi. Ukienda hivyo utaona migongo ya watu. Thaipusam ni safari ya kutoka hekalu la mjini hadi pangoni, na hutaielewa usipoifuata tangu inapoanzia. Mwongozo huu unafuata njia hiyo.

Hatua ya 1: Hesabu siku tatu

Thaipusam huangukia mwezi mpevu wa mwezi wa Kitamili uitwao Thai, kwa hiyo tarehe huhama kati ya Januari na Februari. Mwaka 2025 ilikuwa Februari 11, na 2026 Februari 1. Ukishaijua tarehe ya mwaka wako, rudi nyuma siku mbili, kwa sababu maandamano hutoka usiku wa kuamkia mkesha. Panga uwe umeshawasili kabla ya hapo, maana saa za Malaysia ziko mbele ya zetu kwa saa 5 na mwili unahitaji kuzoea.

Tafuta malazi karibu na stesheni ya Pasar Seni au KL Sentral. Jaza kadi ya kidijitali ya kuingia Malaysia ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe kwenye begi la mkononi.

Hatua ya 2: Mchana wa kwanza, tembea kwa miguu

Usiende mbali, miguu ina kazi usiku. Anza Masjid Jamek, msikiti wa matofali mekundu na meupe uliokamilika 1909 pale mito ya Klang na Gombak inapokutana. Vuka mto uone uwanja wa Merdeka, ambako bendera ya Uingereza ilishushwa usiku wa kuamkia Agosti 31, 1957. Ukishuka kusini utafika soko la Pasar Seni lenye asili ya 1888, na dakika chache mbele, mtaa wa Jalan Tun H.S. Lee, kuna hekalu la Sri Mahamariamman lililoanzishwa 1873. Ingia mchana huohuo kabla halijafurika. Viatu vinavuliwa mlangoni, magoti na mabega yafunikwe.

Hatua ya 3: Usiku, lifuate gari la fedha

Hapa ndipo sikukuu inapoanza. Sanamu ya Murugan hutolewa hekaluni na kupandishwa kwenye gari lililofunikwa kwa madini ya fedha, kisha umati unalisindikiza zaidi ya kilomita 13 hadi Batu Caves, kwa ngoma na zumari, usiku kucha. Watamili wanaadhimisha siku mungu wa kike Parvati alipompa mwanawe Murugan mkuki, uitwao *vel*, ili amshinde pepo Soorapadman. Ndiyo maana utasikia watu wakiitikia "Vel! Vel!" mpaka asubuhi.

Simama nje ya hekalu gari likitoka, kisha tembea nalo kadiri uwezavyo. Mimi huwapeleka wageni wangu hadi Jalan Ipoh, kwa sababu hapo familia hupanga marundo ya nazi barabarani na kuzivunja mbele ya gari. Kaa mbali kidogo na wavunjaji, vifuu huruka. Usivae kandambili.

Kisha nenda ukalale. Gari litafika lenyewe, nawe unahitaji nguvu za usiku wa pili.

Hatua ya 4: Usiku wa mkesha, panda treni ya KTM

Kutoka KL Sentral treni za KTM Komuter zinafika mpaka stesheni ya Batu Caves, na wakati wa Thaipusam treni huongezwa. Nauli haifiki ringgit 5 (sarafu ya Malaysia). Usichukue teksi, barabara hufungwa. Ondoka mjini kama saa saba usiku, ili uwe kule kati ya saa nane na mapambazuko. Hizo ndizo saa bora: jua halijatoka na wenye nadhiri ni wengi.

Mkitoka stesheni mtaona sanamu ya kijani ya Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani. Kubalianeni kwamba atakayepotea atasubiri hapo, maana simu huenda zisishike.

Hatua ya 5: Nenda mtoni kwanza

Watu karibu wote hukimbilia ngazi. Wewe nenda Sungai Batu, mto ulio karibu, ambako wenye nadhiri huoga na kutayarishwa. Mtu ameomba mtoto apone, au amepata kazi aliyoililia, sasa anakuja kuondoa nadhiri. Wengi wamefunga kwa wiki kadhaa: hawali nyama wala samaki, wanalala chini. Vichwa hunyolewa na kupakwa liwa, hata vya watoto wachanga. Wengi wao hubeba mtungi wa maziwa kichwani, na hiyo peke yake ni nadhiri kamili. Wengine hubeba *kavadi*, fremu kubwa yenye manyoya ya tausi na maua, na kuna wanaotobolewa mashavu au ulimi kwa mkuki mdogo, au kuning'inizwa ndoana mgongoni. Kabla ya kutobolewa ngoma hupigwa, ubani hufukizwa, na mtu hupandwa na roho, jambo ambalo mtu wa pwani aliyewahi kukaa kwenye ngoma ya kupunga atalitambua mara moja.

Simama nyuma ya ndugu zake. Kila mwenye nadhiri ana jamaa wanaomshikia maji na kigoda, nao ndio wa kuombwa ruhusa ya picha. Usiwashe mwanga wa kamera usoni mwa mtu, wala usimkatie njia. Aliyejitolea mwili wake hivyo anastahili nafasi, na mimi humwondoa mgeni wangu yeyote anayelisahau hilo.

Hatua ya 6: Panda vidato 272

Juu yako itakuwa sanamu ya dhahabu ya Murugan, mita 42.7, iliyozinduliwa 2006. Ngazi zilipakwa rangi za upinde wa mvua mwaka 2018. Fuata njia utakayoelekezwa na walinzi, usiingie ile ya wenye kavadi. Panda polepole bila kusimama katikati. Mkikwama, umati wote umekwama.

Ndani ya pango la mawe ya chokaa, maziwa humiminwa kwa Murugan. Mikuki na ndoana huchomolewa hapo, na majivu matakatifu hupakwa penye kidonda. Tafuta pembe moja utulie angalau nusu saa. Uso wa mtu anayetuliwa kavadi baada ya safari ile ni jambo la kuonwa taratibu. Sikukuu hii imefanyika hapa tangu 1892.

Ukishuka kukipambazuka jihadhari na kima: wanapora mifuko ya plastiki hata mkononi.

Hatua ya 7: Kula, kisha rudi

Vibanda vya wahisani hugawa chakula na vinywaji bure. Pokea kwa mkono wa kulia na ushukuru. Chakula ni cha mbogamboga, hivyo asiyekula nyama isiyochinjwa kihalali hana wasiwasi wa nyama. Rudi mjini kabla ya saa tatu asubuhi, wakati wimbi la watalii linapoingia.

Ukiamka jioni nenda Brickfields, nyuma ya KL Sentral, ukale wali kwenye jani la mgomba. Minara ya Petronas, mita 452, iache siku nyingine. Ipo mwaka mzima. Ila kama bado upo siku inayofuata Thaipusam, gari la fedha huondoka Batu Caves kurudi Jalan Tun H.S. Lee. Umati huwa mdogo zaidi, na wazee ambao hawakuweza kusogea usiku wa kwanza hupata nafasi ya kulikaribia na kutoa sadaka zao. Wageni ni wachache sana siku hiyo, nami nakushauri uwe mmoja wao.