Namna ya kuandaa kliniki ya meno ya kujitolea kwa wajane wazee wa ghasia za uchaguzi

Mwanamke aliyekuwa na miaka hamsini wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya sasa anakaribia sabini. Ghasia hizo ziliua watu zaidi ya 1,100, na wajane walioachwa wamezeeka na shida za kawaida za uzee, zikiwemo za kinywa: jino lililooza likabaki mzizi tu, fizi zinazotoka damu, na kutafuna kwa upande mmoja kwa sababu upande wa pili hauna kitu. Mwongozo huu ni wa madaktari wa meno, wanafunzi wao na vikundi vinavyotaka kuwahudumia bila malipo.

Anza na orodha ya wagonjwa, kwa maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Wajane wa ghasia hizo wako pande zote. Huko Kiambaa, karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo. Naivasha, mwishoni mwa mwezi huo, watu waliteketezwa ndani ya nyumba. Kisumu, wengi waliuawa kwa risasi za polisi. Orodha inayotoka kwa jamii moja pekee itasomwa mtaani kama kampeni, hata kama nia yako ilikuwa safi. Pitia vikundi vya wajane wenyewe na wahudumu wa afya ya jamii, kisha umjulishe msaidizi wa chifu. Mwanasiasa anayejitolea kulipia mahema mkatae kwa adabu, na usipange kliniki katika miezi ya kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027. Chagua zahanati au kituo cha afya cha serikali badala ya kanisa. Kwa mtu aliyenusurika Kiambaa, jengo la kanisa lililojaa watu huenda lisiwe mahali pa kutulia.

Madaktari wote wawe na leseni, na wageni kutoka nje ya nchi waombe kibali cha muda kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya mapema kabla ya kukata tiketi. Vifaa vipikwe kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa angalau dakika 15. Mtungi wa mvuke unaopashwa moto kwa gesi unatosha pasipo na umeme, ila kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi.

Fomu ya kumpokea mgonjwa iwe fupi: umri, magonjwa, dawa anazotumia, simu ya jamaa. Hakuna sababu ya kitabibu ya kumuuliza mumewe alikufaje, wala mjane hadaiwi habari za msiba wake kama malipo ya kung'olewa jino. Akitaka kusimulia mwenyewe, asikilizwe na mshauri nasaha aliyeandaliwa kwa kazi hiyo, si mbele ya foleni. Picha za vinywa zinahitaji ridhaa, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Namna ya kumwita nayo inahitaji uangalifu. Wanawake wengi wa umri huo huitwa kwa jina la mtoto, Mama Fulani, na wapo ambao mtoto huyo alikufa siku zilezile alipokufa baba yake. Mwanafunzi anayepokea wagonjwa aulize kwanza, "Mama, ungependa tukuite nani?" Neno "shosho", yaani bibi kwa Kikuyu, limezoeleka Nakuru, lakini si kila mzee wa Nakuru ni Mkikuyu, ilhali "mama" halimkosei mtu.

Kwenye kiti, usimlaze mtu ghafla. Mweleze kila hatua kabla ya kuifanya, kiti kielekee mlangoni ili aone anayeingia, na mkubaliane kwamba akiinua mkono unaacha papo hapo. Jambo ambalo wageni wengi hawalifikirii ni harufu: mashine ya kuchimba jino hutoa harufu ya kitu kinachoungua, na kwa aliyeona nyumba ikiteketea na watu wake, harufu hiyo si jambo dogo. Kwa hiyo, pale jino linaporuhusu, safisha shimo kwa vifaa vya mkono na kuliziba kwa glasi-ayonoma, aina ya saruji ya kuzibia meno. Njia hii ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Haihitaji umeme, na mara nyingi haihitaji hata sindano ya ganzi. Ipo pia dawa ya matone yenye fedha na floraidi, iliyoingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, ambayo husimamisha uozo lakini hugeuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi daima. Hilo mwambie kabla, hasa likiwa jino la mbele.

Tazama kinywa bila kudhania. Meno ya kahawia ya mtu aliyekulia Nakuru au Naivasha kwa kawaida yanatokana na floraidi nyingi katika maji, si uchafu, na kumkemea ni kumwonea. Vilevile, mzee wa Kijaluo asiye na meno sita ya chini mbele huenda alitolewa ujanani kwa mila, na pengo hilo si lazima alione kama kasoro ya kurekebishwa.

Kabla ya kung'oa, pima presha na sukari, na umwombe alete vidonge vyake vyote katika mfuko. Presha ikifika 180 kwa 110, ahirisha na umpe rufaa. Anayetumia aspirini asiiache. Baada ya kung'oa, aume shashi kwa nusu saa na asisukutue siku hiyo. Kuanzia kesho yake atumie maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Meno bandia ndiyo yanayoombwa zaidi, na ndiyo yasiyowezekana kwa kambi ya siku moja. Fizi zinahitaji wiki kadhaa kupona, kisha yafuate vipimo, majaribio na marekebisho. Kama huna fedha za kurudi, usiahidi. Kama unazo, tenga nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji tangu mwanzo, na uache nambari ya simu ya fundi aliye karibu. Meno mapya yakimchubua, ayavue apumzike, lakini ayavae tena siku moja kabla ya kuja, ili kidonda kionekane na fundi ajue mahali pa kupunguza.