Ukipata chupa ya Pauillac usikimbilie kizibuo
Kama umeletewa Pauillac, ile waini nyekundu ya Bordeaux kule Ufaransa, cheki mwaka kwanza. Ikiwa changa, miaka mitatu minne hivi, itakukaza ulimi kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi, maana zabibu yake kuu, Cabernet Sauvignon, ina tanini kibao, bora uilaze gizani kwenye digrii 12 au 13, na iwe imelala kweli sio kusimama, kizibo kikikauka hewa inapenya na waini inaharibika. Ikifika miaka 15 au 20 ndo utamu wenyewe, ila huwa na mashapo, kwa hiyo isimamishe toka jana yake yashuke chini, halafu imimine polepole kwenye jagi huku umewasha tochi ya simu nyuma ya shingo, ukiona weusi unakuja acha hapohapo hata kama roho inauma. Iliyozeeka usiiache wazi muda mrefu, harufu inakata, changa ndo inataka saa moja mbili za hewa. Na ile habari kwamba waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba, ni vyumba vya baridi vya Ulaya bwana, sio sebule ya Dar, digrii 17 hivi inatosha.