Kupima mtoto mchanga nyumbani kwa ajili ya utafiti: kwenu mnaoanza kazi Busia, Uganda

Wadogo zangu, fomu mtafundishwa ofisini. Mimi naanza na mizani, maana hapo ndipo takwimu za watoto wachanga zinapoharibikia.

Kila asubuhi, kabla hujapanda boda, weka jiwe la kilo 2 juu ya mizani. Isiposoma sawasawa, usitoke nayo. Kwa mama, sakafu ya udongo huwa na mabonde, kwa hiyo tembea na ubao wa kuiwekea. Funga mlango upepo usimpige mtoto. Tandika leso, rudisha namba kwenye sifuri, ndipo umlaze bila nguo, nepi wala kofia. Bibi atalalamika, mwambie mapema kwamba ni dakika moja tu, halafu mtoto anarudi kifuani kwa mama. Akirusha miguu, namba zitarukaruka. Subiri atulie, soma, mwinue, pima tena. Zikitofautiana, pima mara ya tatu.

Kisha andika ulichokiona. Mizani ikisema 2480, andika 2480. Wapo wanaopenda kuandika 2500, "si gramu ishirini tu?" Lakini mtoto mwenye uzito pungufu ni yule aliye chini ya gramu 2500, kwa hiyo hizo ishirini zimeshamtoa kwenye kundi lake. Daftari likijaa 2500, 3000 na 3500, msimamizi anajua fika mtu alikadiria.

Andika pia saa aliyozaliwa na saa uliyompima. Mtoto hupungua siku za mwanzo, hivyo uzito wa siku ya nne si uzito wa kuzaliwa. Ndiyo maana kwangu namba ya simu ya VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, ina thamani kuliko gari la mradi: yeye ndiye anayejua nani kajifungua usiku.

Umri wa mimba una kazi yake. Kama mama alipigwa ultrasaundi kabla ya wiki 24, nakili hiyo. Kama hakupigwa, usimkazanie tarehe. Muulize: "Mama, mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa kabla ya Siku ya Mashahidi, ile 3 Juni, au baada? Maharagwe yalikuwa yameshavunwa? Ramadhani ilikuwa imeisha?" Mtabana hivyo hivyo mpaka mfike kwenye wiki.

Idhini isomwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kisamia, Kiteso au Kiswahili. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yenu. Binti wa miaka 16 ambaye ni mjamzito au ameshazaa, mwongozo wa utafiti wa Uganda unamruhusu kujiamulia, basi baba yake asimsemee.

Ukikuta mtoto hanyonyi, ana mwili wa baridi, au anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, funga fomu. Awekwe ngozi kwa ngozi na mama, waende kituo cha afya sasa hivi. Maswali ya mali ya nyumbani, kuku na mabati, yatasubiri.

Na ukikuta msiba, fomu ibaki mkobani. Toa pole, keti kidogo, aga. Utakaporudi baada ya matanga, uliza taratibu kama mtoto alilia, alipumua au alijitikisa alipotoka. Aliyefanya lolote kati ya hayo alizaliwa hai, hata kama ni kwa dakika chache, na asiandikwe pamoja na waliofia tumboni.