Somo: Washa ipi ikae wapi kwenye shokapu za mbele za pikipiki za zamani

Wadau, shokapu ya Honda CG125 au Yamaha DT ya miaka ya 1970 na 1980 ikivuja, tunakimbilia sili za juu. Mara nyingi kweli ndizo. Ila mafuta yakionekana chini karibu na ekseli, futa mguu mzima ukauke, bonyeza usukani mara kadhaa, kisha chungulia. Juu kukiwa kukavu na tone linaning'inia chini, shida ni washa, ile pete bapa ya kuziba inayokaa chini ya kichwa cha bolti.

Hatua ya 1. Legeza bolti ya alenki (yenye tundu la pembe sita kichwani) ya chini kabla hujagusa kifuniko cha juu. Springi ikiwa bado imebana, inaishika fimbo ya ndani isizunguke. Ukianza na juu, bolti na fimbo vitazunguka pamoja mpaka jioni.

Hatua ya 2. Mulika tochi kwenye shimo la bolti. Washa ya zamani hung'ang'ania humo, imekuwa rangi moja na uchafu, na aliyefungua kabla yako huenda aliweka mpya juu yake. Itoe kwa kijiti cha mwanzi. Bisibisi itachora aluminiamu, na mafuta yatafuata mchoro huo huo.

Hatua ya 3. Chagua kwa mahali inapokaa, si kwa kilichomo kwenye kopo lako la vipuri.

Bolti ya chini inakazwa kwa nguvu, kwa hiyo inataka madini laini: shaba nyekundu au aluminiamu. Mafundi wengi wanaapa kwa shaba. Mimi, kwa pikipiki inayoishi Tanga, Mombasa au Unguja, naweka aluminiamu. Mguu wa shokapu ni aluminiamu, na ikigusana na shaba penye chumvi, inayoliwa ni aluminiamu. Unga mweupe unaoukuta kuzunguka kalio la washa, yaani pale inapokaa, ndio huo. Bara pakavu, shaba haina neno.

Skrubu ndogo ya kumwagia mafuta, yaani ya kuyatoa, inakazwa kidogo tu, basi washa ya faiba (nyuzi zilizoshindiliwa) inatosha. Ukiweka shaba ngumu pale utalazimika kukaza zaidi, na meno ya aluminiamu yatang'oka.

Washa ya chuma yenye mpira kwa ndani ni nzuri pale kalio lilipochubuka. Pima kwanza kama inaingia shimoni, maana huwa pana.

Hatua ya 4. Safisha meno, tia gundi ya bolti kidogo, kaza. Bolti ya milimita 8 kwa kawaida ni takriban 20 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kauli. Jaza mafuta, simamisha juu ya kipande cha boksi usiku kucha.

MASWALI

Shikamoo fundi. Washa ya shaba inarudiwa?

Marahaba. Inarudiwa ukiichoma, kwa sababu kukandamizwa kumeifanya ngumu. Itundike kwenye waya, ichome kivulini hadi iwe nyekundu ya kufifia, itumbukize majini. Maji hayaifanyi ngumu jinsi yanavyofanya kwa feleji. Kisha isugue kwa msasa laini juu ya kioo hadi ing'ae duara zima. Aluminiamu usiichome: inayeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadilika rangi ikakuonya.

Mkuu, huku kwetu tunakata mpira wa tyubu. Unafaa?

Hapana. Mpira wa tyubu ukikaa kwenye mafuta unafura na kulainika, halafu unachomoza pembeni mwa kichwa cha bolti. Afadhali karatasi nene ya gasketi, na hiyo ni kwa skrubu ya kumwagia tu. Kwa bolti ya chini, pasua kipande cha bomba la shaba la friji, kikunjue kiwe bapa, toboa, kata, choma.

Nimekaza mpaka alenki inateleza na bado linatoka tone.

Acha kukaza, utang'oa meno ya fimbo. Mafuta yanashuka kwenye meno ya bolti na kinachoyazuia ni washa peke yake, chini ya kichwa. Fungua upitishe kucha kwenye kalio. Kucha ikikwama, hapo ndipo pa washa yenye mpira.