Somo: Kupanda saikadi chotara uani kwenye baridi ya Georgia

Nimeulizwa mara nyingi mno jinsi ninavyovusha saikadi zangu, mimea ya shina nene na majani yanayofanana na ya mnazi, msimu wa baridi hapa Atlanta, kwa hiyo naandika mara moja kwa wote. Mmea huu ni jamaa wa mtapo wa kwetu pwani, lakini chotara ninayoipanda imezaliwa na Cycas revoluta ya kusini mwa Japani na Cycas panzhihuaensis ya Sichuan na Yunnan, ambayo ndiyo inayoirithisha ustahimilivu wa baridi.

1. Chagua mche wenye shina nene. Mdogo ukae kwanza kwenye chungu.

2. Panda majira ya kuchipua, sakitu (umande unaoganda usiku) ya mwisho ikishapita.

3. Mahali pawe na jua la kutosha, na ukuta unaotazama kusini unafaa zaidi.

4. Udongo ndio ulionitia hasara. Mche wangu wa kwanza niliufukia hadi shingoni katika mfinyanzi mwekundu, nikidhani kina kitaukinga, na mvua za Januari zikatuama humo hata shina likaoza kwa ndani huku majani yakiwa bado ya kijani. Baridi kavu saikadi huivumilia, bali baridi yenye maji huiua. Inua tuta la sentimita 30 hivi, changanya kokoto ndogo na mchanga wa chembe kubwa, na uache sehemu ya juu ya shina wazi. Usichimbe shimo kwenye mfinyanzi na kulijaza mchanga, kwa maana litageuka kuwa bakuli la maji.

5. Usiku wa sakitu kali funika kwa kitambaa, uondoe asubuhi.

Swali: Nilipanda Desemba na majani yote yamekuwa ya kahawia. Nifanyeje?

Jibu: Tafadhali soma hatua ya 2. Bonyeza shina: likiwa gumu, subiri hadi kiangazi, likibonyea, limeoza.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mbona mizizi mingine inaota kuelekea juu, imejikunja kama matumbawe?

Jibu: Marahaba, umeangalia vizuri sana. Ndani ya mizizi hiyo huishi bakteria wa kijani-buluu wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea, kwa hiyo usiikate kamwe. Ukipasua kipande kilichovunjika chenyewe, utauona mstari wa kijani. Na iwapo majani mapya yanatoka ya manjano na kujikunja, mara nyingi upungufu ni wa madini ya manganizi, wala si wa naitrojeni.

Swali: Mbwa wangu hutafuna kila kitu. Kuna hatari?

Jibu: Ipo, na ni kubwa. Mmea mzima una sumu, mbegu zaidi, nayo huharibu ini hata kuua. Zungushia uzio, na akishakula mpeleke kwa daktari wa mifugo papo hapo.

Swali: Nikienda Kilifi Agosti, niweke mbegu za Encephalartos, saikadi za Afrika, kwenye begi?

Jibu: Hapana. Jenasi hiyo yote imo katika Kiambatisho cha Kwanza (orodha yenye ulinzi mkali zaidi) cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, na bila vibali hilo ni kosa la jinai. Nunua mche uliooteshwa kitaluni hapa.