Ukipangwa na mshika kibendera anayesuasua

Waamuzi wenzangu wa Tabora, ukipangwa Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi na mwamuzi msaidizi asiye imara, usilegeze kiwango chako ili mfanane, wala usimnyang'anye kazi. Kabla ya mechi mgawane majukumu waziwazi: kuotea ni kwake, rafu za upande wake anyooshe kibendera, penalti mtazamane kwanza. Akikosea, Sheria ya 5 ya soka, inayomhusu mwamuzi, inakuruhusu kubadili uamuzi mradi mchezo haujaanzishwa tena. Mwonyeshe kwa mkono ashushe kibendera, kisha endelea. Kinachoniuma sana ni mwamuzi wa kati kumkaripia mwenzake mbele ya makapteni. Baada ya hapo msaidizi hanyooshi tena kibendera, hata akiona vizuri, na utabaki peke yako uwanja mzima.